Samadi ya Kibuli na hesabu ya mfanyabiashara wa mpakani

Mfanyabiashara anayepeleka mboga Juba kupitia Elegu, au anayepakia nyanya na kabichi kuelekea Busia na Malaba, huhesabu mambo matatu kabla ya kutoa fedha: bei ya shambani, nauli ya lori na bei ya sokoni. Jambo la nne halimo kwenye daftari lake ingawa ndilo linaloamua lile la kwanza. Nalo ni rutuba ya udongo. Mkulima akinunua mbolea kwa bei ya juu, au akiikosa kabisa, mavuno hupungua na bei ya gunia hupanda kabla lori halijawashwa.

Ndiyo maana suala la samadi na mboji, ambalo wengi hulichukulia kuwa la mabwana shamba peke yao, linawagusa pia wale wanaoishi kwa kuvusha mizigo. Mfano mzuri uko Kampala kwenyewe, katika kilima cha Kibuli.

Kibuli iko katika tarafa ya Makindye, kusini-mashariki mwa katikati ya jiji. Inajulikana kwa msikiti wake mkubwa uliojengwa juu ya ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, kwa hospitali ya Waislamu na kwa chuo cha mafunzo ya polisi. Hakuna anayeitaja kama eneo la kilimo. Hata hivyo, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Kampala, familia za miteremkoni na za mabonde ya jirani ya Kisugu na Namuwongo hulima sukuma wiki, nakati na mchicha ambao Waganda huuita dodo. Hulima katika viroba, matairi makuukuu na vitalu vya nyuma ya nyumba. Ardhi ni haba, lakini malighafi ya mbolea imejaa tele: maganda ya matoke, mabaki ya sokoni, kinyesi cha kuku, samadi ya ng'ombe wanaofugwa zizini. Machinjio ya jiji yaliyoko barabara ya Old Port Bell nayo hayako mbali.

Swali ni kwa nini mali hiyo yote huishia jalalani au mferejini, huku mkulima wa mboga akilalamikia bei ya mbolea iliyovuka bahari.

Rutuba inayosafiri upande mmoja

Kila lori la matoke linaloingia Kampala kutoka Isingiro, Mbarara au Masaka hubeba kitu zaidi ya ndizi. Hubeba sehemu ya udongo wa huko. Ndizi ni zao linalonyonya potasiamu kwa wingi. Lori la tani kumi huondoka shambani na makumi ya kilo za madini hayo, kiasi kinachofikia au kupita kilichomo katika gunia zima la mbolea ya potasiamu. Sehemu kubwa yake imo kwenye maganda na mikungu, yaani katika kile kisicholiwa. Maganda hayo yakifika Kibuli hutupwa, na shamba lililoyatoa halirudishiwi chochote.

Hali hii si ya Uganda peke yake. Utafiti wa mwaka 1990 uliofanywa kwa ajili ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ulikadiria kwamba mashamba ya Afrika kusini mwa Sahara yalikuwa yakipoteza kwa wastani kilo 22 za nitrojeni, kilo 2.5 za fosforasi na kilo 15 za potasiamu kwa kila hekta kila mwaka. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika waliokutana Abuja walikubaliana kwamba matumizi ya mbolea yapande kutoka kilo 8 hadi kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo mwaka 2015. Mwaka huo ulipita, na Uganda ikabaki miongoni mwa nchi zinazotumia kiasi kidogo kabisa barani. Mkutano mwingine wa viongozi ulifanyika Nairobi Mei 2024. Safari hii mada haikuwa mbolea tu, bali mbolea pamoja na afya ya udongo, na matumizi ya mbolea za asili yalipewa nafasi yake katika mpango wa miaka kumi.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni taka. Kampala huzalisha zaidi ya tani 1,000 za taka kwa siku, na zaidi ya nusu yake ni vitu vinavyooza. Tangu mwaka 1996 taka hizo zilipelekwa Kiteezi, wilayani Wakiso. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, rundo hilo liliporomoka juu ya makazi ya watu na kuua watu wasiopungua 35. Mwezi uliofuata mkurugenzi mtendaji wa Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, na baadhi ya maofisa wenzake walifutwa kazi.

Mjadala uliofuata ulikuwa juu ya mahali pa kupata jalala jipya. Hilo ni swali la lazima, lakini si swali lote. Kama sehemu kubwa ya kilichojaza Kiteezi ni maganda na mabaki ya mboga, basi jiji limekuwa likilipa mafuta ya malori ili kuizika rutuba ya Isingiro na Masaka, huku wakulima wakilipa fedha za kigeni kununua rutuba nyingine kutoka ng'ambo.

Hesabu ya gunia

Ni rahisi kutoka hapo na kudai kwamba samadi ingemaliza tatizo. Hesabu haikubali. Gunia la kilo 50 la yurea lina asilimia 46 ya nitrojeni, yaani kilo 23. Samadi ya ng'ombe iliyokauka, ikiwa na asilimia moja na nusu hivi, inahitaji takriban kilo 1,500 kufikia kiasi hicho. Hayo ni magunia 30. Mbolea ya kuku ni kali zaidi. Ikiwa na asilimia tatu, magunia kama 15 yanatosha. Isitoshe, nitrojeni ya samadi haitoki yote kwa mkupuo. Sehemu yake humfaa mkulima msimu wa kwanza, na iliyobaki hutoka polepole misimu inayofuata.

Mfanyabiashara anayejua nauli ataona mara moja maana ya tarakimu hizo. Yurea inaweza kutoka bandari ya Mombasa, ipite Malaba na kufika Kampala, na bado ibaki na faida ndani yake. Samadi haiwezi. Kila kilomita inayoongezeka hula thamani yake. Kwa hiyo soko la samadi ni la karibu: kutoka banda la kuku hadi bustani ya mtaa wa pili, kutoka sokoni Kibuli hadi vitalu vya mabondeni, na labda kutoka Kampala hadi mashamba ya Wakiso, Mukono na Mpigi.

Kuna tofauti moja. Lori lililoleta ndizi au kabichi mjini, likirudi mashambani likiwa na nafasi, linaweza kubeba mboji kwa nauli ndogo kuliko lori lililokodiwa kwa kazi hiyo. Mizigo ya kurudi ni jambo ambalo wafanyabiashara hulielewa kuliko maofisa wa wizara. Kinachokosekana ni mboji yenyewe, iliyochujwa na kufungwa kwenye magunia, ikimngoja dereva sokoni anaposhusha mzigo.

Bei ya dunia nayo hubadilisha hesabu. Mwanzoni mwa 2021 tani ya yurea katika soko la kimataifa ilikuwa chini ya dola 300. Aprili 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ilipita dola 900. Bei ilishuka baadaye, lakini funzo lilibaki: nchi inayotegemea gunia lililovuka bahari hupata homa ya vita vya wengine. Katika miezi kama hiyo, mkulima mwenye rundo la mboji nyuma ya nyumba aliendelea kulima, na jirani yake alipunguza eneo.

Kazi ambayo gunia la dukani haliifanyi

Udongo wa vilima vya Kampala ni mwekundu, umesuguliwa na mvua za miaka mingi, na una chuma na aluminiamu kwa wingi. Madini hayo huishika fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba mbolea inayowekwa huweza kufungwa kabla mzizi haujaifikia. Mboji hulegeza kifungo hicho. Vilevile hushika maji, hivyo nakati isinyauke baada ya siku chache za jua, na hulisha viumbe wadogo wanaoufanya udongo upumue. Mkulima anayeweka mbolea ya dukani peke yake kwenye udongo uliochoka huona nyingi ikipotea. Majaribio mengi ya utafiti Afrika Mashariki yamerudia hitimisho lile lile: samadi kidogo pamoja na mbolea ya viwandani kidogo hushinda kila moja ikiwa peke yake.

Kwa mboga, kiasi kinachopendekezwa mara nyingi ni tani 10 hadi 20 za samadi iliyoiva kwa hekta. Kwa mkulima wa Kibuli maana yake ni nyepesi kueleweka: kitalu cha mita moja kwa mita kumi kinahitaji kilo 10 hadi 20, mzigo ambao bodaboda mmoja huumudu. Kwa hiyo mjini, mahali ambapo ardhi ni ndogo na malighafi iko mlangoni, uzito wa samadi si kikwazo tena.

Utengenezaji nao hauhitaji mtambo. Rundo lisipungue mita moja kila upande ili lihifadhi joto. Maganda mabichi na kinyesi cha kuku vichanganywe na vitu vikavu kama maganda ya kahawa, maranda au majani makavu. Rundo liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na ligeuzwe kila baada ya siku chache. Likiwa na joto kali ndani, linafanya kazi. Likinuka vibaya, limekosa hewa au limezidi maji. Baada ya miezi miwili au mitatu huwa jeusi, hunukia udongo wa msituni, na ganda la ndizi halitambuliki tena. Mbolea ya kuku isiyoiva huunguza miche, na wakulima wengi walioikimbia samadi waliikimbia kwa sababu hiyo.

KCCA ina kituo cha mafunzo ya kilimo huko Kyanja kinachoonyesha kilimo cha viroba na vitalu vidogo, na tangu mwaka 2006 jiji lina sheria ndogo zinazotambua kilimo cha mjini. Katika kiwanda cha maji taka cha Lubigi, kilichoanza kazi 2014, tope lililokaushwa huuzwa kwa wakulima. Nje ya Kampala, Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilisimamia ujenzi wa vituo vya mboji katika miji kama Jinja, Mbale, Soroti, Lira, Mbarara na Kabale. Kikwazo kikubwa cha vituo hivyo kilikuwa taka kufika zikiwa zimechanganyika. Mboji yenye vipande vya chupa na plastiki haina mnunuzi, hata ikitolewa bure.

Mahali hasara inapojificha

Kwa anayevusha mboga, hatari kubwa haiko kwenye mavuno bali kwenye usafi. Samadi mbichi hubeba bakteria wa kuhara na mayai ya minyoo. Mboga za majani hukua karibu na udongo, hunyunyiziwa maji, na baadhi ya mazao ya bustani huliwa bila kupikwa. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi iwekwe siku zisizopungua 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa zao lisilogusa. Dodo huvunwa wiki chache tu baada ya kupandwa. Kwa kipimo hicho, samadi mbichi haina nafasi kabisa kwenye kitalu cha dodo. Lazima iive kwanza. Kanuni hizo hizo zinataka rundo la mboji lifike nyuzi 55 za Selsiasi na likae katika joto hilo siku 15, likigeuzwa angalau mara tano. Tope la vyoo, hata lililokaushwa, busara ni kulipeleka kwenye miti na mazao yasiyogusana na mbolea, si kwenye mboga za majani.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Mfereji wa Nakivubo hukusanya maji machafu ya katikati ya jiji na eneo la viwanda, hupita bondeni chini ya vilima hivi, na kuingia kwenye ardhi oevu kabla ya Ziwa Viktoria. Ardhi hiyo hulimwa magimbi, miwa na mboga kwa sababu ina rutuba na haikauki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wamekuwa wakionya kwa miaka kuhusu madini mazito, hasa risasi na kadimiamu, katika mazao ya maeneo kama hayo na ya kando ya barabara. Kwa mboga za majani, walishauri zilimwe umbali wa mita 30 hivi kutoka barabara zenye magari mengi. Mboji haiondoi risasi kwenye udongo, na mboji iliyotengenezwa kwa taka zisizochambuliwa, zenye betri na rangi ndani yake, inaweza kuiongeza.

Mfanyabiashara anayedhani haya ni ya madaktari akumbuke Machi 2021. Tarehe 5 mwezi huo, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mpakani. Zuio liliondolewa siku chache baadaye, lakini kwa masharti mapya ya usajili na vyeti. Aliyeumia kwanza hakuwa waziri wala mkulima, bali mwenye mzigo. Mboga huharibika upesi kuliko mahindi. Zuio la siku tano kwa nyanya ni hasara yote.

Kinachovuka na kisichovuka

Samadi mbichi na udongo si bidhaa za kubebwa kiholela kuvuka mpaka, kwa sababu hubeba mbegu za magugu na magonjwa ya mimea na mifugo. Mboji iliyofungwa na kuuzwa kama mbolea huingia chini ya sheria za mbolea za kila nchi: Uganda ina sheria ya kemikali za kilimo ya 2006, Tanzania ina sheria ya mbolea ya 2009 inayosimamiwa na TFRA, na Kenya ina sheria yake ya mbolea na vyakula vya mifugo. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaowasaidia wenye mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, huhusu bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, na hauondoi ukaguzi wa afya ya mimea. Anayefikiria kuvusha mboji aulize kwanza kwenye dawati la habari za biashara mpakani, asiulize baada ya gunia kushushwa.

Udanganyifu nao upo. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilikiri kwamba mbolea isiyofikia viwango iliwafikia wakulima kupitia mpango wa ruzuku. Kama hilo liliwezekana kwenye mbolea yenye nembo na vipimo, ni rahisi zaidi kwa gunia la mboji lisilo na maandishi yoyote. Mnunuzi hana budi kumjua mtengenezaji.

Kinachovuka vizuri ni zao lenyewe na sifa yake. Tangu 2007 Jumuiya ina kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai, na alama yake, Kilimohai, hutumiwa na mashirika ya kilimo hai ya Uganda, Kenya na Tanzania. Alama hiyo haihitaji kila mkulima alipe mkaguzi wa kigeni. Vikundi vya wakulima vinaweza kukaguana chini ya mfumo shirikishi unaotambuliwa. Si kila mboga iliyolimwa kwa samadi inastahili alama hiyo, na bustani za kando ya Nakivubo haziwezi kuipata. Lakini kwa kikundi cha Wakiso au Mukono chenye udongo safi na mboji inayojulikana ilikotoka, hiyo ni njia ya kumpa mnunuzi wa Nairobi au Kigali sababu ya kulipa zaidi.

Pembejeo nyepesi pia zinaweza kusafiri. Fosfati ya Minjingu, mkoani Manyara, inaweza kuchanganywa na mboji kuziba upungufu wa fosforasi ambao samadi peke yake haiuzibi. Hapo ndipo Jumuiya inapata maana kwenye shamba la mboga: mwamba wa Tanzania, ganda la ndizi la Uganda, soko la Kenya au la Sudan Kusini.

Nani aanze

Serikali ya jiji ina sehemu yake. Masoko ndiyo mahali rahisi pa kuanzia, kwa kuwa taka za soko la mboga zinajulikana na hazijachanganyika sana. Pipa moja la mabaki ya mboga na jingine la plastiki katika masoko kama la Kibuli lingegharimu kidogo kuliko kutafuta jalala jipya kila baada ya miaka michache.

Wafanyabiashara nao wana nguvu ambayo hawaitumii. Wao ndio wanaochagua shamba la kununua. Wakiuliza samadi iliwekwa lini, iliiva kiasi gani na bustani inanyweshwa maji ya wapi, na wakimlipa vizuri zaidi mwenye majibu, wakulima watabadilika upesi kuliko kwa semina. Vyama vya wenye malori ya ndizi vinaweza kukubaliana na masoko kuhusu mizigo ya kurudi. Hayo hayahitaji mkataba wa marais.

Wanaopuuza wataendelea kulipa kwa njia mbili: gunia la mboga litakaloendelea kupanda bei kwa sababu udongo unachoka, na siku moja, lori litakalozuiwa mpakani kwa cheti ambacho hakuna aliyekumbuka kukitafuta.